Nywele Zako, Risper

Migori,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Risper,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha Waya, kisha kila anayelala katika boma lenu hapo Lambwe. Kifua cha Waya kimetulia? Byron wa njugu aliniambia shangazi yetu amekuwa akikohoa tangu Krismasi, na kwamba ni wewe unayemkanda mgongo kwa maji moto kila jioni. Mwambie namshukuru kwa kukuweka mwaka mmoja na nusu kama mtoto wake wa kuzaa. Na shamba je, mmeshalima au bado mnangojea mvua? Huku imenyesha mara mbili tu, ikalowesha vumbi, ikaenda zake.

Mimi ni mzima wa mwili. Vidole tu ndivyo vinavyokakamaa asubuhi, mpaka niviloweke kwenye maji ya vuguvugu ndipo niweze kushika sindano ya kroshia. Mama naye hajambo. Niliongea naye Ijumaa, akalalamika kuhusu goti lake na kuhusu kuku anayetaga kwa jirani, na kabla hatujakata simu akauliza, kama anavyouliza kila mara, utarudi lini. Nikamwambia ni karibuni.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa huna simu, na hata ungekuwa nayo nisingeweza kuyasema haya huku nikisikia unavyopumua upande wa pili. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya kubandikia kucha, kwa hiyo utajua kama imefunguliwa. Byron hajui kilichomo. Tafadhali isome ukiwa peke yako, nyamera, ndugu yangu, na ukimaliza utaamua mwenyewe kama Waya aambiwe.

Ujumbe wako ulinifikia. Byron alisimama mlangoni pa saluni Jumanne ya wiki tatu zilizopita, magunia yake ya njugu yakiwa bado kwenye pikapu, akaniambia umeacha kufunga kitambaa ukiwa nyumbani. Alisema nywele zimefika urefu wa kidole, na kwamba Pasaka ikipita unataka kuja Migori tufanye kazi pamoja tena. Kisha akasimama wima kama mtoto anayekariri shairi shuleni, akasema ulimtuma maneno haya: "Mwambie dada azianze upya. Hakuna mkono mwingine utakaogusa kichwa changu." Niliinama juu ya beseni la kuoshea. Byron alidhani ni machozi ya furaha, na nina hakika ndivyo alivyokuja kukueleza. Hayakuwa ya furaha. Ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu imechukua wiki tatu kuandikwa.

Univumilie nianzie mbali kidogo. Unakumbuka tulivyozianza nywele zile. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, na mimi nilikuwa nimetoka kujifunza ususi Homa Bay, sina mteja hata mmoja. Ulikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni kwa Mama, ukitafuna muwa, ukaniambia nijaribu. Kichwa chako ndicho kilichonifundisha kazi, na mwanzoni nilikitesa. Nilizipaka nta na mafuta mazito ya mgando, nikidhani nywele inayong'aa ndiyo iliyoshiba, mpaka dredi zako zikawa ngumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na zikilowa zinatoa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Wewe hukulalamika. Ulisema tutajua tu.

Na kweli tulijua, mimi na wewe, polepole. Tulijua kwamba nywele huomba maji kwanza na mafuta baadaye, na kwamba kazi ya mafuta ni kuyafungia maji ndani, si kuchukua nafasi yake. Maji ya kisima cha Rodi, nilikofungua saluni, yalikuwa na chumvi, yakiziacha zimepauka, kwa hiyo Mama akatenga pipa chini ya mfereji wa bati kwa ajili ya kichwa chako tu. Ukija Rodi kunisaidia kazi ulikuwa unabeba mtungi wa lita tano wa maji ya mvua mapajani. Nilichanganya maji hayo na utomvu wa mshubiri na matone machache ya glisirini, nikanyunyiza kila dredi kutoka mzizini hadi nchani, nikaiminya kwa kiganja mpaka inywe, ndipo nikapitisha mafuta ya nazi kidogo sana. Sikuvuta. Sikusokota mizizi kila wiki kama wafanyavyo wenye haraka, kwa maana kusokota mno huukondesha mzizi. Na ulilala na kofia niliyokushonea kutoka kwenye bitana la koti kuukuu la Baba, kwa sababu satini ya dukani hatukuimudu.

Miaka kumi na moja, Risper. Zilikufika kiunoni. Wanawake waliokuja saluni walizishika bila kuomba ruhusa, wakazikunja viganjani, wakasema hawajaona dredi laini namna hiyo. Nilibandika picha yako ukutani, umegeuza mgongo, nywele zimemwagika zote. Wazee wa kanisa walipomwita Mama kumwuliza kwa nini binti wa Kisabato anafuga nywele kama zile, Mama aliwajibu kwamba amezishika kwa mikono yake mwenyewe na hakukuta dhambi ndani yake. Tulicheka wiki nzima.

Sasa nifike kwa mtu ambaye hukumjua. Katikati ya mwaka 2023 alianza kupita pale Rodi mtu anayeitwa Cephas. Alikuja siku za soko, wewe ukiwa Kosele na nguo zako za mitumba, ndiyo maana hamkuwahi kukutana. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, akiuza siagi ya shea kutoka Uganda na dredi za nywele za watu za kuunganishia. Alisema huzinunua kwa wanaoamua kukata. Watu hukata kila siku, alisema, mmoja amepata kazi ya benki, mwingine ameokoka, kwa nini nywele zitupwe? Niliona ni maneno ya maana, nikaanza kununua kwake. Siku moja aliitazama picha yako kwa muda mrefu, akaniuliza kama mwenye zile angeuza. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu, na hawezi kuziuza hata kwa kupewa shamba. Akatabasamu, akafunga mkoba wake, akaenda.

Yaliyokupata mwezi wa nane wewe unayajua kuliko mimi, na sitayarudia ili kukuumiza. Naandika upande wangu tu. Simu ilipolia nilikuwa nimeinamia kichwa cha mteja, na nilifika hospitalini mikono yangu ikiwa bado na povu lililokauka. Wanawake wawili wa sokoni walikuwa wamekufunga kichwa kwa leso, na leso ilikuwa imeloa. Wao ndio waliosimulia: wanaume wawili, pikipiki isiyo na namba, ile njia ya katikati ya mahindi, saa kumi jua likiwaka. Walikuwa na mkasi wa fundi cherehani na kisu, na pale ulipopigana nao ndipo kisu kilipochukua ngozi. Uliponiona hukuniuliza walikuwa akina nani. Uliniuliza, "Dada, zote?" Nikakujibu zote. Ukageuza uso ukutani.

Halafu ikaja ile picha. Hadi leo sijui ni nani aliyekupiga picha ukiwa umekaa chini pale njiani, lakini kufikia kesho yake ilikuwa kwenye simu za watu hadi Oyugis, wengine wakiandika pole, wengine wakiandika ya kucheka, na kuna aliyeandika kwamba Mungu ameamua kukunyoa mwenyewe. Uliitupa simu yako chooni, ukamwambia Mama hutaki kuonekana, ukaenda kwa Waya. Nilikusindikiza hadi stendi nikikushika mkono. Niliona watu wanatutazama, na nilitamani wanitazame mimi peke yangu.

Pale Rodi wateja waliniishia. Wenye dredi ndefu waliogopa kutembea nazo, wengine wakaja nizikate, na waliobaki hawakutaka kukaa chini ya picha yako. Niliibandua. Kufikia Desemba nilikuwa nafungua mlango, nafagia, nakaa, nafunga. Cephas ndiye aliyenitembelea kunipa pole. Alisema kuna saluni Migori inayohitaji mkono kama wangu. Mwezi wa kwanza mwaka jana nikahamia huku.

Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, Cephas alileta mfuko wa kaki umejaa dredi. Alisema kuna mteja kesho yake, nizioshe na kuzilainisha ziwe tayari. Nilikuwa naongea na mwenzangu, nikaingiza mkono mfukoni kabla ya kutazama. Mkono ulijua kabla ya macho. Dredi za kununua huwa kavu, zina nta, zinakwaruza. Hizi zilijikunja zenyewe kiganjani. Nilizimwaga mezani nikaanza kutafuta kitu ambacho sikutaka kukiona, na nikakiona: ile pacha ya nyuma ya sikio, iliyoungana ulipougua malaria tukachelewa kuitenganisha, na katikati yake uzi wa kahawia wa sweta ya Mama, niliokushonea ilipotaka kukatika.

Cephas alikuwa amesimama pale pale, anatafuta kitu kwenye simu. Nikamwuliza zimetoka wapi. Akasema bila kuinua uso, "Tanzania, madam. Kuna shida?" Kisha akainua uso. Tulitazamana, akajua kwamba najua. Mwenzangu alikuwa hapo. Mlango ulikuwa wazi, barabara imejaa watu mchana kweupe, na ningepiga kelele wangemshika. Nikasema hakuna shida.

Mteja alikuja Ijumaa saa mbili asubuhi. Anaitwa Sheila, anauza dawa za mifugo katika duka moja hapa mjini. Nywele zake zilikuwa zimekatika alipojifungua, na alikuwa amekaa karibu mwaka anavaa kofia. Ni mtu mzuri, Risper, hana kosa lolote, na hilo linafanya mambo yawe magumu zaidi. Nilimkalisha nikaanza. Nilimaliza saa kumi na moja jioni. Zilikuwa dredi sitini na nne na nilizijua moja moja, hii ya utosini, hii ya kisogoni, na nilizipanga kichwani mwake kama zilivyokuwa kichwani mwako, kwa sababu mikono yangu haikujua mpangilio mwingine. Nilipomgeuzia kioo alilia. Akanikumbatia, na zikanipiga usoni.

Tangu siku ile amekuja kila mwezi, mara kumi na mbili. Nimezinyunyizia maji ya mvua, nimeziminya kiganjani, nimepitisha mafuta ya nazi kidogo sana. Ameniuliza siri ya ule ulaini nami nimemfundisha yote niliyojifunza kwako, asilale bila kofia, asipake nta, aanze na maji. Ameniambia wenzake kazini hawaamini. Nywele zako zimebaki laini, nyamera. Hata moja haijakatika. Nimezitunza kwenye kichwa cha mwanamke mwingine wakati wewe unafunga kitambaa Lambwe, na kuna siku, Mungu anisamehe, nilifurahi kuzishika.

Utajiuliza kwa nini nilinyamaza siku ile ya mfuko. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilimwogopa Cephas. Nilimwogopa, ndiyo, lakini si mkono wake. Niliogopa mdomo wake, kwa sababu kuna jambo tunalolijua yeye na mimi tu, na sasa utalijua wewe.

Nimekuandikia hapo juu kwamba nilimwambia hutauza. Ni kweli, ila sikukuandikia yote. Kumbuka mwezi wa saba mwaka ule, siku uliyokuja Rodi ukiwa umechangamka, ukaniambia umepata chumba Oyugis na unataka kufungua saluni yako mwenyewe. Nilikupongeza. Nilikununulia soda, tukakaa nje, ukaniuliza rangi ya kupaka ukutani. Ndani yangu nilikuwa nimegeuka jiwe. Wateja walikuwa tayari wakiuliza kama upo kabla ya kukaa kitini. Mmoja aliniambia usoni kwamba mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Nilijiambia nywele zile ni kazi yangu, miaka kumi na moja ya vidole vyangu, na sasa wewe unaondoka nazo mgongoni kama tangazo, ukawavute watu waliokuwa wangu. Sikukuambia neno. Kama ningekuambia pengine tungegombana, ungelia, tungepatana.

Wiki iliyofuata Cephas alirudi, akauliza tena habari ya mwenye picha. Safari hii nikamwambia, "Mimi sina usemi juu ya kichwa chake. Mwulize mwenyewe." Akauliza angekupata wapi. Nikamwambia Kosele, siku ya soko, kwenye mitumba. Halafu nikasema kwamba jioni hupendi kupanda boda, kwamba wewe hukata kwa miguu kupitia njia ya mahindi, peke yako. Hakuwa ameniuliza njia, Risper. Hilo la njia nilimwongezea mimi.

Nimeligeuzageuza neno hilo mpaka halina tena umbo. Sikumtuma akukate. Labda nilitaka akushawishi, uzikate uwe kama sisi wengine. Labda nilitaka akutie hofu kidogo. Sijui nilitaka nini, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini siwezi pia kusema sikumjua alikuwa mtu wa namna gani. Mwezi mmoja kabla ya hapo niliona damu iliyokauka kwenye mzizi wa dredi moja kati ya zile alizoniuzia. Niliikata ile sehemu, nikaitupa kwenye taka pamoja na nywele nyingine, nikamwunganishia mteja iliyobaki. Kwa hiyo nilijua. Na wiki moja baada ya wewe kulazwa, Cephas alileta saluni ile mashine ya mvuke uliyoiona ulipokuja kuniaga kabla ya safari ya Lambwe. Ulisema nimebahatika. Alisema ni ya kunifariji. Niliipokea, na nimeitumia.

Baada ya ujumbe wako nilijaribu kutengeneza kitu, kwa kuchelewa. Sheila alipokuja mwezi uliopita sikumfungulia maji. Nilimkalisha nikamweleza zilikotoka nywele. Sikutaja langu, nilitaja yako tu, mahindi, kisu na Lambwe. Alizishika kwa mikono yote miwili, akazivuta mbele kifuani. Mwanzoni alilia. Kisha akasema alilipia, hakumwibia mtu. Kwamba nywele zake mwenyewe zimeota mwaka mzima ndani ya zile, na hakuna anayeweza kusema tena zipi zake na zipi zako. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nikizikata, zitamrudia?" Alichukua mkoba wake akaenda. Juzi nilimwona mbele ya benki, na alivuka barabara aliponiona. Amepata msusi mwingine. Anampaka nta, niliiona inavyong'aa, na ncha zimeanza kupauka.

Nilikwenda polisi pia. Nilieleza yote, pamoja na la njia. Askari aliandika ukurasa mmoja na nusu. Akauliza nywele ziko wapi, nikamwambia ziko kichwani mwa mtu aliyezinunua. Akauliza jina la pili la Cephas, na hapo ndipo nilipogundua silijui. Nimefanya kazi na yule mtu karibu miaka miwili, nimekula naye samaki meza moja, na sijui jina la baba yake. Simu yake haipatikani tangu nilipoongea na Sheila. Watu wanasema amevuka mpaka wa Sirari, ameingia Tanzania. Askari akafunga kitabu, akaniambia niende nyumbani, nitaitwa. Nilikuwa nimebeba nguo za kubadilisha kwenye mfuko, nikidhani nitalala ndani. Nilirudi nazo. Sijaitwa mpaka leo.

Limebaki jambo moja ambalo nalo nilikuficha. Siku ya tatu hospitalini, ukiwa umelala, daktari aliniita kando. Aliniambia upande wa kushoto, kuanzia kwenye panja hadi nyuma ya sikio, ngozi iliyoshonwa pale haina tena mizizi ya nywele, na nywele hazitaota. Uliniuliza alisema nini. Nikakuambia alisema ni suala la muda. Byron anasema kila asubuhi unapaka mafuta ya nyonyo mahali pale na kupatazama kwenye kioo kidogo cha Waya. Unaweza kuacha. Sehemu nyingine ya kichwa itaota vizuri, ina afya, naijua. Pale hapataota.

Kwa hiyo usije Migori, Risper. Pasaka ikipita usije kwangu. Homa Bay, nyuma ya soko, yuko mwanamke anaitwa Liz, tulijifunza kazi pamoja. Mkono wake ni wa taratibu na havuti. Ukitaka kuzianza, nenda kwake. Mwambie aanze na upande wa kulia, azigawe nyembamba karibu na kovu ili uzito usivute ngozi ile, na asikupake kitu chochote cha mgando hata akikwambia zitashika haraka. Maji ya mvua, kila baada ya siku mbili, kisha mafuta kidogo sana. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu sina kingine cha kukupa.

Sabato ijayo nitakwenda kwa Mama baada ya ibada nimwambie yeye pia. Sitaki alisikie kwa mtu mwingine, wala sitaki ubebe wewe kazi ya kumweleza. Nitamwambia jikoni, akiwa amekaa. Sijui kitakachofuata. Najua pipa lile la maji ya mvua bado liko chini ya bati, hajakubali mtu yeyote alitumie, na nitalazimika kulipita nikiingia.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nimejaribu kuuandika mara nne nikaufuta, maana kila mara ulionekana kama nakuomba unifanyie kazi nyingine tena. Sikuombi hata jibu. Byron nimemwambia akupe bahasha, asingoje.

Nisalimie Waya, aendelee kunywa ile dawa ya kifua mpaka iishe hata kama ameacha kukohoa. Wasalimie watoto wa boma. Nawe ukae salama, ule vizuri, usiache kutoka nje jioni jua likipungua. Kichwa chako nakisalimu kwa mbali.

Ni mimi uliyekuwa ukiniita dada,

Valary